Picha Yenye Ukingo Mweusi

Gorno Breze, 22 Februari 2023

Nevena mjukuu wangu,

Mimi mzima, ila goti la kushoto linajua habari za theluji kabla ya redio. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja mweusi tii, mwingine ana madoa kama aliyemwagiwa maziwa. Sevda jirani yangu anakusalimu, na bado anakoroma hadi nasikia ukutani. Mama yako msalimie huko Zaragoza. Ameachana na mwanangu, hakuachana na mimi.

Humu ndani kuna martenitsa yako, uzi mwekundu na mweupe. Ifunge mkononi Machi mosi, uivue ukiona korongo au mti uliochanua. Hiyo simu yako inajua mengi, lakini uzi haijui kuuleta, ndiyo maana bado nakuandikia kwa mkono na mwandiko wangu wa darasa la nne.

Sasa nikuambie lililonikalisha mezani. Wiki iliyopita uliweka kwenye kundi la kijiji picha sitini na nne za harusi ya rafiki yako. Nimezihesabu. Sitini na nne! Bibi harusi anacheka, bibi harusi anakula, kiatu cha bibi harusi peke yake mezani. Wewe huko una mtandao hadi chooni. Sisi hapa, wazee thelathini na mmoja, mtandao tunaupata sehemu moja tu, ukutani mwa duka la ushirika lililofungwa. Tunasimama pale kwenye baridi, simu juu, kama tunaomba mvua. Simu zenyewe ni zile mlizozichoka ninyi.

Picha zako nzito zikaingia, simu zote zikaganda. Nyuma yake kulikuwa na ujumbe wa Mitko wa gari la mkate, kwamba wiki hiyo atakuja Jumanne badala ya Alhamisi. Haukutufikia. Jumanne Mitko akapiga honi, akadhani tumelala, akaenda zake. Tumekula viazi siku nne kwa sababu ya kiatu cha mtu nisiyemjua. Sevda, meno yake mawili, amesema angalau mkate ungelowekwa.

Kundi lina watu mia mbili na zaidi, nusu yao mko Ulaya yote mnaosha vyombo na kujenga nyumba za watu. Kabla hujatupa kitu humo, jiulize nani anakipokea na amesimama wapi.

Habari za baba yako sikuulizi. Anayejua njia ya kwenda kukaa Graz anajua na njia ya hapa. Mimi picha moja ilinitosha.

Bibi yako,
Velika


Zaragoza, 12 Machi 2023

Bibi yangu,

Nakubusu mkono, na goti la kushoto pia. Martenitsa ilifika tarehe sita, nikaivaa hivyo hivyo kwa kuchelewa. Kazini kwenye tanuri la mikate wameniuliza kama nimejikata.

Bibi, nisamehe kwa viazi. Sikujua. Nilipiga picha, nikachagua zote, nikatuma. Kila moja ilikuwa na MB nane, nami sikuwahi hata kuangalia. Nimeuliza watu, nimeambiwa picha inaweza kufinywa mpaka ibaki MB robo, na uso ukaonekana vilevile. Najifunza. Zile za harusi nimezifuta kwenye kundi, nimeacha mbili.

Nikuambie na jambo ambalo hukuniuliza. Baba alinipigia siku ya kumbukumbu ya Babu. Aliuliza kama paa lilivuja majira haya. Aliuliza kama una kuni. Nikamwambia, "Si umpigie mwenyewe?" Akasema, "Mama akiniita nitakuja siku hiyohiyo. Asiponiita, sina uso wa kusimama langoni." Bibi, ni miaka sita sasa. Neno moja tu. Nitalibeba mimi.

Tena sijawahi kuelezwa hasa ilikuwaje. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikaambiwa tu "Bibi na baba yako hawasemezani kwa sababu ya picha." Picha gani hiyo?

Wako,
Nevena


Gorno Breze, 13 Aprili 2023

Nevena,

Leo ndiyo Alhamisi ya kupaka mayai rangi, vidole vyangu vyekundu kama vya mchinjaji, na ukiona alama kwenye karatasi ujue ni hiyo. Barua yako ilikaa posta ya mjini wiki mbili maana posta yetu siku hizi ni mwanamke mmoja na baiskeli. Mbuzi mweusi amekua mtundu. Nimekula kitambaa, samahani, yeye ndiye aliyekula kitambaa changu cha meza, usinicheke.

Kumbe watu wamebadilika tangu niseme. Hata Mitko sasa anaandika maneno matupu bila picha ya mkate. Ila huyo Mitko! Siku ya wanawake aligawa maua kwenye gari, akanipa mawili. Nikamwuliza, "Mitko, nimekufa lini?" Maua mawili, manne, sita, ni ya makaburini. Mtu anayepumua hupewa moja, au matatu, au matano. Anajua vizuri, alikuwa na haraka tu. Nikamrudishia moja nikamwambia akampe mkewe, naye akashangaa mume amepata akili wapi.

Langoni nimebandika karatasi mpya ya kumbukumbu ya babu yako Iliya, ya miaka sita tangu atutoke. Picha yake ile ya kofia, ukingo mweusi, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa. Siku hizi kijijini karatasi za hivyo ni nyingi kuliko watu. Nikipita njiani naamkiana na milango.

Umeuliza picha gani. Haya, nakwambia mara moja tu.

Babu yako aliumwa siku arobaini kabla ya kufa. Nilimgeuza, nilimwosha, nililala nimekaa. Tulipomzika, baba yako alibaki nami wiki nzima. Siku moja nikaosha nywele, nikakaa karibu na jiko zikauke, usingizi ukanichukua. Sina kitambaa kichwani. Meno yangu yamo kwenye glasi. Mdomo wazi. Baba yako akanipiga picha, akaiweka kwenye kundi, akaandika chini yake, "Mama analinda jiko." Mia mbili na kitu wakaiona. Wakatuma zile nyuso za njano zinazolia kwa kucheka. Mimi simu sikuwa nayo, nilionyeshwa na Sevda ukutani mwa ushirika, naye akidhani najua.

Nevena, tangu niolewe hakuna mwanamume aliyeziona nywele zangu ila Iliya. Nilikuwa mjane wa siku tisa. Nilirudi nyumbani nikaweka begi lake nje ya lango. Sikumpigia kelele. Nilimwambia, "Hukuniuliza." Akaniambia, "Mama, ni utani." Basi, akaenda.

Kumwita simwiti. Aliyeondoka kwa miguu yake ana miguu ya kurudia. Usinibebee neno lolote, sijakupa.

Kuni ninazo. Paa linavuja upande wa chumba chake, nimeweka ndoo. Usimwambie.

Bibi


Zaragoza, 21 Mei 2023

Bibi,

Nakubusu mkono. Nilisoma barua yako ndani ya basi, nikapitiliza vituo viwili. Sikujua, Bibi. Nami nimewahi kuwapiga picha watu waliolala, nikaona ni jambo la kuchekesha. Nimepekua simu yangu nikafuta nyingi. Siku hizi nauliza kwanza. Jana nilimwuliza mzee mmoja anayenunua mkate kwetu, akasema hapana, halafu akaenda akachana nywele, akarudi akasema ndiyo.

Kufinya picha nimekuwa fundi. Nimepata programu kwenye simu inayoifinya, inaitoa rangi ili iwe nyepesi zaidi, na kama si ya mraba inaijazia pembeni yenyewe. Hata ukutani mwa ushirika itaingia kabla hujavuta pumzi.

Tarehe kumi na nne Juni unatimiza themanini. Siwezi kuja, likizo wamenipa Septemba. Lakini nina jambo dogo la kukufurahisha. Sikwambii. Siku hiyo nenda ukutani asubuhi.

Kuhusu ndoo, sikumwambia. Aliniuliza mwenyewe kama chumba chake kinavuja. Nilinyamaza, naye akaelewa.

Nevena wako


Gorno Breze, 15 Juni 2023

Nevena,

Anayekuandikia ni marehemu Velika. Usishtuke, na wewe ndiye uliyeniua.

Jana asubuhi sikwenda ukutani. Mtu wa miaka themanini haendi kuchungulia simu kama msichana anayengoja mchumba. Nikabaki nyumbani nakunja unga wa banitsa, mkate wetu wa jibini. Mara namsikia Sevda anakuja analia, kitambaa kimemwanguka, simu mkononi. Akafungua mlango akaniona, akasimama.

"Velika," anasema, "umekufa!"

"Lini?" namwuliza. "Kabla ya kahawa tuliyokunywa saa mbili au baada yake?"

"Iko kwenye kundi! Imeandikwa!"

Akanionyesha. Nikavaa miwani. Ni mimi, ile picha yangu ya kitambulisho, umeitoa rangi kama ulivyojisifu. Programu yako imenizungushia ukingo mweusi pande zote. Na chini, kwa namba kubwa, 1943 – 2023. Mtoto wewe! Una macho? Ulipokuja miaka miwili iliyopita hukuona milango ya kijiji imejaa nini?

Sevda akasema chini kuna maneno madogo. Tukaifungua, tukaikuza kwa vidole, yakawa ukungu mtupu. Umeifinya mpaka umeyasaga. Tulikesha, samahani, tulikaa hadi adhuhuri tukibishana. Sevda anasema ni "apumzike kwa amani", mimi nasema neno la kwanza linafanana na "heri". Namba zinasomeka, ukingo unasomeka, mimi nasomeka. Heri yenyewe haisomeki.

Mitko naye, kwa moyo wake mwema, aliiona akiwa mjini, akaichapisha kubwa. Saa saba gari la mkate likaja polepole bila honi. Mimi mwenyewe nimejisoma mlangoni mwa gari la mkate, nimebandikwa kwa gundi. Mitko akashuka kavua kofia, akaniona nimeshika mfuko wa kununulia mkate. Ikabidi tumkalishe kwenye ngazi tumpe maji. Aliponiangalia tena alisema, "Tetka Velika, shangazi, leo chukua bure." Nikamwambia ameniharibia jina, nitachukua miwili.

Padri wa kijiji cha chini ametuma kuuliza saa ya mazishi. Kwenye kundi watu hamsini na kitu wameandika pole. Wengine wamesema maneno mazuri ambayo hawakuwahi kuniambia uso kwa uso. Dimana wa Toronto anasema nilimfundisha kusuka. Mtoto yule nilimfukuza bustanini kwangu kila siku!

Sikiliza sasa, maana sijamaliza hasira. Picha nzito inatuziba, nimesema. Lakini picha iliyosagwa nayo ni uongo. Iweke nyepesi kiasi cha kupita, na kubwa kiasi cha kusomeka. Ukimaliza, iangalie kwa macho ya mwingine, wa simu ndogo, mwenye miwani, aliye mbali. Na uso ni wangu, Nevena. Mwenye uso huulizwa. Nilikwambia hilo Aprili, ukamwuliza mzee wa mkate wa huko, mimi hukuniuliza.

Sevda ameandika kwenye kundi kuwa niko hai, lakini ukutani leo mtandao hakuna, ujumbe umekwama na saa yake ndogo pembeni inazunguka tu. Na sijui kama yule wa Graz ameona. Kama ameona, basi

Gari limesimama langoni. Si la Mitko. Nitamaliza baadaye.


Zaragoza, 15 Juni 2023

Bibi,

Sijui kama barua hii itafika au kama utaifungua. Nimeifuta ile picha mara tu Mama aliponipigia akipiga kelele. Nilikaa sakafuni kazini. Nilitaka kuandika "Heri ya miaka themanini, Bibi yetu," na miaka yako. Niliona ni nzuri. Niliiangalia kwenye simu yangu kubwa, maneno yakasomeka, nikaridhika. Sikuiangalia kwa macho yenu.

Jambo lingine linanitetemesha. Baba aliiona jana wakati wa chakula cha mchana. Mwenzake wa kazi anasema aliweka kijiko chini, akachukua funguo za gari, akatoka. Simu ameizima. Nadhani hakutaka mtu ampe pole. Nimempigia mara arobaini na moja. Yuko njiani anakuja kukuzika, Bibi, nami sina njia ya kumwambia.

Umeshauriwa na daktari usishtuke. Yeye naye moyo wake si mzuri. Kama mmoja wenu atapatwa na jambo kwa sababu yangu, sijui nitaishije.

Unitukane tafadhali. Ukinyamaza nitakufa mimi.

Nevena


Gorno Breze, 27 Juni 2023

Nevena mjukuu wangu,

Hakuna aliyepatwa na jambo. Acha kulia, karatasi yako imefika na mabaka. Ile barua yangu ya tarehe kumi na tano sikuituma, nimeitia humu humu, isome kwanza ndiyo uje hapa. Matusi yako yako mle, nimeyaweka ya kutosha.

Haya. Lile gari. Nilikuwa nimetundika zulia uani, nikaacha kalamu nikatoka na fimbo ya kupigia vumbi mkononi, nikidhani ni padri. Ni baba yako. Amenyoa vibaya, shati jeusi, mikononi ameshika maua mekundu yamefungwa utepe. Akasukuma lango, akaangalia ile karatasi ya babu yako iliyobandikwa pale, akatafuta yangu pembeni yake, hakuiona. Kisha akainua macho.

Mtu wa miaka hamsini na mbili, Nevena, alikaa chini. Si kwenye benchi. Kwenye vumbi, na suruali yake safi.

"Mama," akasema.

"Inuka, kuna kinyesi cha mbuzi hapo," nikamwambia.

Hakuinuka. Alinishika kiatu. Nami fimbo nimeishika juu bado, mtu akipita angesema nampiga. Sevda alikuwa akichungulia juu ya ukuta, na ndivyo alivyosema baadaye kwa kila mtu.

Nikayachukua yale maua nikayahesabu. Kumi na mbili. Amevuka nchi nne na maua ya maiti, na njiani ameyapa maji, maana yalikuwa mabichi. Nikamwambia, "Asen, umekuja kunizika." Akasema, "Nimekuja." Nikamwambia, "Nikiwa hai ulishindwa kuja." Akasema, "Ukiwa hai ungenifukuza. Ukiwa maiti ungekuwa huna la kufanya." Nikacheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka chenyewe.

Nilichomoa ua moja kwenye utepe. Yakabaki kumi na moja, nikayatia kwenye mtungi wa pilipili. Lile moja nikampa yeye alishike. Akaliangalia, akaniangalia, ndipo alipolia kweli.

Yaliyosemwa mezani si yako yote. Hili moja nakupa. Alisema, "Mama, ile picha niliifuta siku ileile." Nikamjibu, "Kwenye simu uliifuta. Kwenye macho ya watu mia mbili uliifuta na nini?" Alikata banitsa, hakuila, ikapoa. Halafu akasema, "Tangu nina akili sikuwahi kukuona umelala. Ukitulaza uko macho, tukiamka uko macho. Siku ile nikakuona. Nilifurahi, nikataka kumwonyesha mtu. Nikaandika ule upuuzi kwa sababu niliona aibu kuandika hilo."

Miaka sita, Nevena. Angeniambia hayo siku ile nikiwa nimeshika begi lake, labda begi lingerudi ndani. Na mimi ningemwuliza kwa nini alinipiga picha. Sikumwuliza. Nilisema yeye hakuniuliza, nami pia sikumwuliza. Hili sitalisema mara ya pili, na usimwonyeshe mtu.

Paa ameziba. Ndoo nimempa mbuzi anywee. Ameomba kazini siku ishirini. Anakula kama aliyetoka jeshini.

Sasa jambo la kundi. Watu walikuwa bado hawaamini. Ujumbe wa Sevda ulifika, lakini wengine wakasema maskini Sevda, uchungu umemchanganya akili. Padri alikuja kabisa na chetezo, tukampa rakia, pombe yetu kali ya matunda. Ikabidi itafutwe njia. Jumapili baba yako akaitoa simu, akaiweka mezani kifudifudi, akaniuliza, "Mama, nikupige picha?"

Nikasema, "Ngoja."

Nikavaa kitambaa changu cha bluu. Nikatia meno. Nikakaa kwenye benchi, mtungi wa maua pembeni. Ya kwanza nilikuwa nimefumba macho, nikasema futa. Ya pili mbuzi ameingia, nikasema futa, mbuzi hakuulizwa. Ya tatu nikasema naye aje akae, Sevda atupige. Sevda akakata vichwa vyetu. Ya nne ndiyo hiyo.

Akaifinya pale pale. Nikamkataza asitume. Nikachukua simu ya Sevda, ile yenye kioo kilichopasuka, nikamwambia baba yako aitume kwanza kwenye simu hii tu, tuione tukiwa ukutani, tukaenda wote. Ikaingia kabla sijavuta pumzi, uliahidi hivyo na hilo nakupa sifa. Lakini maua yalikuwa doa jekundu tu. Nikamwambia irudie, iongeze kidogo. Akaongeza. Tena kidogo. Watu wakatuzunguka pale ukutani kama tunachinja nguruwe. Sevda akaisogeza simu puani, akaanza kuhesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Mitko akazima injini asimpotezee hesabu. Akafika kumi na moja, akarudi akahesabu tena.

"Kumi na moja," akasema, "na moja analo Asen mkononi."

Nikasema, sasa itume.

Hatukuandika neno chini yake. Kabla sijafika nyumbani Dimana wa Toronto alikuwa ameshaandika: "Nimehesabu. Njoo tena unifukuze."

Wewe Septemba ukija, njoo na maua idadi ile unayoijua. Na picha yangu ile uliyoifanya, iliyo mlangoni mwa gari, Mitko hawezi kuibandua, gundi yake nzuri. Amechukua rangi nyekundu akapaka juu ya ule ukingo. Mkate unauzwa vilevile.

Baba yako anauliza anaweza kuongeza mstari hapa chini. Nimemwambia ndiyo, kwa sababu ameuliza.

Velika, bibi yako, hai

Nevena, chumba hakivuji tena. Baba.